Siku mbili Rwenzori

Hapa Rwamwanja, mtu akisema "tuliingia msitu", hakuna anayemuuliza kama aliona ndege wazuri. Tunamuuliza: mlikaa siku ngapi, mlikula nini, nani alibaki. Kwa hiyo nilipowaambia vijana wa kikundi chetu kwamba amepatikana mfadhili wa kutupeleka kutembea kwenye Hifadhi ya Milima ya Rwenzori, wa kwanza kujibu alisema, "Yaya, mimi msitu nilishamaliza." Wengine walicheka. Yeye hakucheka.

Wafanyakazi wa misaada nao waliuliza lao: kwa nini pesa hizo zisinunue mipira na madaftari? Ni swali la haki. Mipira yetu miwili imeshonwashonwa mpaka imefanana na viazi. Lakini tulienda.

Tulikuwa vijana 12 na sisi viongozi wawili. Gari lilipita Kamwenge, likapita Fort Portal, kisha likashuka njia ya Kasese, milima ikiwa mkono wa kulia ndani ya mawingu. Mimi nilizaliwa Mutwanga, chini ya milima hiyohiyo, ila upande wa Congo. Kwetu jua linatoka nyuma ya Rwenzori. Hapa Uganda linazama nyuma yake. Nilikaa dirishani nikiitazama kama mtu anayemwona mzazi wake kwa mgongo.

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1991 na ina karibu kilomita za mraba 1,000. Huingii na gari. Ukitaka kuiona, ni miguu yako. Kilele chake, Margherita, kina mita 5,109, na mpaka wa nchi zetu mbili unapita hukohuko juu. Ukishuka upande wa pili uko Virunga, hifadhi ya tangu 1925. Kufika kileleni na kurudi kunachukua karibu wiki nzima. Sisi tulikuwa na siku mbili tu: kuanza Nyakalengija, kulala kambi ya Nyabitaba kwenye mita 2,650 hivi, kurudi. Waliposikia neno "kambi" vijana walipiga kelele: "Tumetoka kambi, tunaenda kambi!"

Muzee aliyetuongoza ni Mkonzo. Alinisalimia kwa Lukonzo, nikamjibu kwa Kinande, tukaelewana bila shida, maana ni watu wamoja, mpaka ndio uliwapita katikati. Alitueleza juu ya Kitasamba, ambaye wazee wanasema anakaa kwenye theluji. Theluji yenyewe inaisha. Mwaka 1906 barafu ya huko juu ilifunika zaidi ya kilomita za mraba 6. Kufikia 2003 haikufika hata 1.

Mwanzoni njia inapita kando ya mashamba na mto Mubuku, halafu miti mikubwa inakufunika. Hapo kwenye miti ndipo yule kijana alisimama. Hakulia, hakusema kitu. Alisimama tu, mikono kwenye mifuko. Mimi nilitaka kumwambia maneno ya semina zetu, lakini muzee alinitangulia, akakaa chini kwenye jiwe karibu naye.

"Unaogopa nani yuko humo?"

Kijana akasema, "Wale."

Muzee hakumwambia asiogope. Alimwambia kwamba mwaka 1997 hifadhi hii ilifungwa kwa sababu ya vita, waasi walikuwa humu milimani, na watu wa vijiji vyake walikimbia, na yeye pia. Ilifunguliwa tena 2001. "Sasa hawako. Mimi napita hapa kila mara."

Kijana alifikiri. Kisha akaomba jambo moja: askari wa hifadhi, ambaye alikuwa nyuma yetu na bunduki, apite mbele, ili amwone. Askari akakubali, akapita mbele. Tukaendelea.

Matope yalikuwa mengi. Asiye na gambuti alijuta. Tulisikia kima juu ya miti bila kuwaona. Muzee akatuonyesha kinyonga mwenye pembe tatu usoni, mkubwa kuliko mkono wangu, na kundi zima likatimua mbio kurudi nyuma, askari akacheka mpaka akashika mti. Kwetu wengi wanaamini kinyonga ni mkosi.

Usiku Nyabitaba ni baridi kali. Tuliwasha moto mkubwa. Dada mmoja alikohoa kwa nguvu, akajiziba mdomo haraka, akatutazama. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Ni hapo yule kijana alianza kusema habari ya usiku wao, mama yake, mtoto mdogo na kitenge. Nimemfahamu miaka miwili na alikuwa hajasema hata neno moja. Mengine ni yake, siandiki. Alipomaliza, wengine wawili wakasema ya kwao, halafu mtu akaimba, na sauti ya mto ilikuwa kubwa chini kule.

Asubuhi aliuliza, "Muzee, ukifika Margherita, upande wa Congo, kuna mtu wa kuomba karatasi?"

"Kuna upepo."

Sasa wanataka kufika mbali zaidi, kule kwenye mianzi. Kati ya wale 12, wasichana walikuwa watatu tu, kwa sababu wazazi wengi walikataa binti alale nje. Safari ijayo tunatafuta mama wawili wa kwenda nasi. Mama mwenye magoti mazima aje anione. Na wale walioniuliza juu ya mipira: bado tunaihitaji, nimeandika barua mbili.