Msamaha na Gorogoro Mbili

Juni 2024 Kenya nzima ilimjua Zakayo. Vijana walipojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, Rais William Ruto alikuwa keshabandikwa jina la yule mtoza ushuru wa Yeriko, na kila mji ulikuwa unamwambia ashuke mtini. Embu tulimwambia, Meru walimwambia. Nilicheka kama wengine, lakini kuna kitu kilinikera, na hakikuhusu siasa. Zakayo tunayemjua ni nusu tu.

Sunday school walitufundisha ufupi wake na ule mkuyu, tukaonyesha na mikono jinsi alivyopanda. Sikumbuki mwalimu yeyote akikaa sana kwenye ile sehemu ambapo Zakayo anasimama mbele ya mgeni wake na kuanza kupiga hesabu. Nusu ya mali iende kwa maskini, na yeyote aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Ukisoma Luka 19 polepole utaona kwamba Yesu anatangaza wokovu wa nyumba ile baada ya hesabu kutajwa. Sisi tumegeuza mpangilio. Wokovu unatangazwa kwanza, kwa maikrofoni, na hesabu haifiki.

Babangu ni wa Chuka, mamangu ni wa upande wa Runyenjes, kwa hivyo nimekulia pande zote mbili za mto Thuci. Kwa mambo ya dini hatukukosa chaguo. Waanglikana wako Kigari tangu 1910, Wapresbiteri wana Chogoria na hospitali yao tangu 1922, Wamethodisti wana Kaaga, Wakatoliki waliletewa Injili na Wakonsolata. Halafu kuna makanisa ya mabati ya juzi juzi, yenye spika zinazosikika ng'ambo ya bonde. Yote yanahubiri toba. Ila ukisikiliza kwa makini, toba inayohubiriwa siku hizi ni mazungumzo ya watu wawili, mimi na Mungu. Mtu wa tatu, yule niliyemkosea, hayumo.

Na bado vitabu vyenyewe vinamtaja. Hesabu sura ya 5 inamtaka aliyekosa aungame, arudishe alichochukua chote, aongeze sehemu ya tano juu yake, na ampe yule aliyemkosea. Katika Mathayo, Yesu anamwambia mwenye sadaka aiache pale madhabahuni kwanza, aende akapatane na ndugu yake. Wakatoliki wana neno malipizi ndani ya kitubio, na katekisimu yao inasema waziwazi kwamba kilichoibwa kirudishwe. Rafiki yangu wa Isiolo, Mwislamu, hunikumbusha kwamba kwao haki ya binadamu mwenzako haifutiki kwa kumwomba Mungu peke yake. Hata neno toba lenyewe tulilitoa kwenye Kiarabu, na mzizi wake ni kurudi. Unarudi wapi kama hupitii kwa mtu uliyemwibia?

Shosho, mzaa mama, alikuwa mmoja wa wandugu wa Uamsho. Kwa asiyejua: Uamsho ulianzia Rwanda na Uganda mwishoni mwa miaka ya 1920, huko Gahini na Kampala, na mwaka 1937 timu yao ilifika Kabete. Kutoka hapo uliingia nyumba kwa nyumba katika nchi ya mlimani. Wandugu walisalimiana kwa Tukutendereza, wimbo wa Kiganda ambao wengi wao hawakujua Kiganda chake. Walikutana wiki kwa wiki na kutembea nuruni, yaani kusema dhambi zako mbele ya wenzako, kwa majina. Na ukishasema, ulienda kurudisha. Watu walirudisha misumari kwa waajiri, blanketi, pesa za ushuru waliokwepa.

Shosho alikuwa ameiba kahawa. Usiku, kwa jirani, miaka ya sabini, wakati gunia la kahawa lilikuwa karo ya mtoto. Alipookoka hakuweza kurudisha kahawa kwa sababu ilishauzwa zamani, akaamua kulipa kwa mahindi. Mama alikuwa na miaka kama minane na ndiye aliyebeba kikapu kidogo. Anasimulia kwamba yule jirani aliwasikiliza hadi mwisho bila kuwaambia waketi. Hakulia wala hakumkumbatia mtu. Aliingia ndani akatoka na gorogoro, akapima mahindi yote hapo uani, mkebe baada ya mkebe, akasema: "Zimepungua mbili."

Shosho akarudi nyumbani, akaleta mbili.

Naipenda hadithi hii kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia, na ninayempenda ndani yake ni yule jirani. Leo tungemwambia ana roho ngumu. Tungemnukulia mistari. Lakini yeye alikuwa anafanya kazi ambayo msamaha unahitaji ifanywe, alikuwa anapima. Huwezi kumsamehe mtu deni ambalo hakuna aliyelitaja ukubwa wake. Wazee wa Njuri Ncheke kule Meru wanalijua hili bila kusomea theolojia. Kesi ikiletwa, pande mbili zinakaa, kosa linasemwa, faini inatajwa, mbuzi au fahali, na nyama inaliwa pamoja. Kanisa limewahi kuwaona kama washenzi. Sawa, wana mambo yao. Ila hawakuwahi kumwambia aliyeibiwa kwamba kazi yote ni yake.

Sitaki kuwapamba wandugu, ingawa. Kuungama hadharani kulikuwa na ubaya wake. Mtu alisimama akataja uzinzi wake, na hapo hapo akamtaja mwanamke ambaye hakuwa ameomba kutajwa, mumewe akiwa ameketi benchi la nyuma. Aliyeungama alienda nyumbani mwepesi, na mwanamke akaachiwa mzigo. Kuna ukiri unaomwibia mtu mara ya pili.

Na kuna ukiri mbaya zaidi ya huo, nao ulifanyika hapa hapa. Ukipita Mwea leo unaona mchele, ule pishori tunaogombania Krismasi. Miaka ya 1950 Mwea ilikuwa ndani ya wilaya ya Embu, na mitaro ya kwanza ya mpunga ilichimbwa na wafungwa wa Hali ya Hatari. Kambi zilikuwa Thiba, Gathigiriri na nyinginezo. Kuanzia 1957, waliokataa kukiri kiapo cha Mau Mau waligawanywa vikundi vidogo wakapigwa hadi wakiri. Neno lililotumika kwao lilikuwa lile lile la kanisani: ungama. Ungama utatakaswa, ungama utarudi nyumbani. Serikali iliyochukua ardhi ya watu ilikuwa inawadai waliochukuliwa toba. Nikimsikia mhubiri akipiga kelele kwamba watu waungame sasa hivi, mbele ya wote, huwa nafikiria Gathigiriri. Huenda namwonea. Lakini nafikiria.

Hesabu ya upande wa pili ilingoja zaidi ya nusu karne. Tarehe 6 Juni 2013, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, William Hague, alisimama bungeni London akaeleza masikitiko ya serikali yake, na malipo ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Katika hotuba hiyo hiyo alisema Uingereza bado haikubali kwamba inawajibika kisheria. Pesa bila kukiri. Sisi wenyewe tukaja na kinyume chake: Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni kwa maovu ya serikali zilizopita na kuahidi mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa walioumizwa, na waathiriwa wakabaki wakiuliza mfuko uko wapi miaka mingi baadaye. Mei 2025, kwenye maombi ya kitaifa Nairobi, Ruto naye akawaomba vijana msamaha. Vijana wakajibu mtandaoni kwa orodha: waliouawa, waliotekwa, nani ameshtakiwa? Viongozi wengine walisema kizazi hiki hakina adabu, mtu akiomba msamaha unampa. Mimi niliona gorogoro.

Sasa la nyumbani.

Mamangu alikuwa na chama na akina mama wenzake, cha kuweka na kukopeshana. Mweka hazina alikuwa rafiki yake, mtu wa kuja kwetu bila kubisha. Mwaka niliopaswa kuingia mwaka wa pili chuoni, yule mama alitoweka na pesa. Za mamangu zilikuwa shilingi 38,000, na zilikuwa za karo yangu. Sitasema ni yeye aliyenitoa chuo. Kulikuwa na migomo, kulikuwa na kozi ambayo sikuipenda, na kulikuwa na uchovu. Ila ule muhula ulikosa pesa, na muhula ukikosa pesa mambo mengine huanza kujiamulia yenyewe.

Baada ya miaka miwili alirudi akiwa ameokoka. Kwenye kesha la kanisa moja ambalo sitalitaja, aliitwa mbele atoe ushuhuda. Alilia kwelikweli, simdharau. Alisema alikuwa mwizi na Yesu amemfuta. Watu wakapiga makofi. Kisha mchungaji akaita wanachama wa kile chama waje wamkumbatie, akaongeza kwamba asiyesamehe naye hatasamehewa. Mamangu akaenda. Nilimtazama akitembea kati ya viti vya plastiki, leso mkononi, na nikaona jambo la ajabu: yeye ndiye aliyeonekana kama mkosaji anayeitwa mbele.

Nilikuwa na hasira naye wiki nzima. Simaanishi yule mama, namaanisha mamangu.

Jumanne iliyofuata mama alivaa viatu vya kwenda soko, akaniambia nimsindikize. Tulienda kwa yule mama. Tulipewa chai. Mama alikunywa yote kwanza. Halafu akasema, kwa sauti ya kuuliza bei ya viazi: "Mama Muthoni, mimi nilikusamehe, na sitarudia kulisema. Leo nimekuja tupige hesabu." Akatoa daftari mkobani.

Yule mama alinyamaza kwa muda mrefu. Akasema hana. Mama akasema anajua hana. Akasema hata Mungu ameshamsamehe. Mama akajibu, "Hiyo ni yenu wawili." Mwishowe walikubaliana mia tano, ikipatikana zaidi alete zaidi, na wakati wa bonasi ya majani chai aongeze. Kila mmoja akatia sahihi. Mimi nikawa shahidi, jambo ambalo sikuwa nimelijia.

Huwa analeta. Kuna miezi anaruka. Akija anakaa, wanaongea juu ya magoti na mvua, na mara moja walicheka hadi nikatoka jikoni kuona kuna nini. Si urafiki wa zamani, mama haachi tena mkoba wazi yeye akiwa ndani. Wengine wa chama bado wanaambiwa kanisani kwamba kudai ni kukosa imani.

Juzi nilimwomba mama anionyeshe lile daftari. Tarehe ziko upande wa kushoto, kwa kalamu tofauti tofauti: 500, 500, 1,000, 500, na kuendelea hivyo, na moja ya 3,000 mwezi wa bonasi. Jumla 9,500. Mama akachukua daftari, akavaa miwani, akajumlisha tena mwenyewe kwa sababu hesabu zangu haziamini.

"Zimebaki 28,500," akasema, akalirudisha mkobani.