Kabati la limbali, funguo mbili

Katika mtaa wa Mudzi-Pela, hapa Bunia, kuna kabati ambalo waporaji walishindwa kulibeba. Mwezi wa 5 mwaka 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka na mapigano kuwaka mjini, mwenye nyumba alikimbia na watoto. Waliporudi, mabati, milango na masufuria vilikuwa vimekwenda. Kabati la jikoni lilikuwa palepale.

Ni la mbao za limbali. Mti huo umejaa katika pori la Mambasa, lakini fundi akiachiwa achague, huchukua libuyu. Limbali ni nzito, inamaliza meno ya msumeno, na msumari hauingii bila kutoboa tundu kwanza.

Tangu 2018 mama huyo anaishi na wifi yake, aliyekimbia Djugu na watoto wanne. Jiko moja, kabati moja, ufunguo mmoja. Wifi akitaka chumvi, anaomba. Akitaka mafuta ya ngazi, anaomba. Hakuna aliyemnyima kitu, lakini kuomba kila siku kunachosha hata mtu anayepewa.

Paa la jiko lilipoanza kuvuja, ikabidi litengenezwe upya. Kijana mkubwa alitaka kabati litupwe, linunuliwe jeupe la triplex. "Mama, hili ni la zamani, limejaa moshi." Mama alikataa. Wakaita fundi, naye ni mhami, anakaa katika kambi ya Kigonze. Vyombo vyake vilibaki kijijini; randa na msumeno aliazima.

Alikwangua masizi kwanza. Chini yake mbao ilikuwa ya kahawia yenye wekundu, nzima kabisa.

"Mama, mbao hizi zinatosha makabati mawili madogo," alisema. "Triplex ikipata mvuke wa sufuria, inavimba na kubanduka."

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akauliza bei ya kufuli la pili.

Kazi ilichukua siku 9. Vipande vilivyobaki alipewa fundi juu ya malipo yake, akatengeneza viti vidogo vya kuuza. Wifi alipewa ufunguo wake.

"Aksanti, yaya," alisema, akaenda sokoni. Alirudi na unga wa muhogo, chumvi na vikombe vitatu. Alivipanga, akafunga, akafungua tena, akacheka.

"Yaya, chumvi ikikuishia, uniombe."