Muhtasari wa Liverpool

Katika somo la Kiingereza tulipewa kufupisha habari za Liverpool: watumwa hadi 1807, kisha pamba, halafu makontena yaliyowapunguzia kazi wapakuaji wa mizigo. Gati la Albert, lililofunguliwa mwaka 1846, lilifungwa mwaka 1972. Leo lina majumba ya makumbusho na migahawa. Niliandika: "Mji ulikua kwa biashara, kisha ukabadili kazi." Nikapata alama nzuri.

Baadaye nilisoma habari za E. D. Morel, karani wa kampuni ya meli ya Elder Dempster mjini humo. Kule Antwerp aliona meli zikitoka Kongo zimejaa mpira na pembe za ndovu; zilizorudi zilibeba bunduki na risasi. Sasa waliochuma mpira walilipwa nini? Mwaka 1904 chama chake cha kudai marekebisho Kongo kilianzishwa, tena humo humo Liverpool.

Nkambo wangu, mtu wa Kasai, hakupenda kuzungumzia mpira. Alisema tu kwamba babu yake alihamia porini na watoto. Muhtasari ule ninao bado. Juu ya neno "biashara" nimetia alama ya kuuliza kwa penseli.