Tulivyopiga Dansi Kibiti

Miaka ya 1980 barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi ilikuwa mchanga kiangazi na tope masika. Malori mengi yalilala Kibiti kuliko kwenda kukwama mbele, kwenye kivuko cha Ndundu. Mto Rufiji ukijaa, kulala huko kuligeuka kukaa. Madereva na utingo wao, wachuuzi wa korosho, wakata boriti waliotoka Delta, walimu waliopangiwa kazi kutoka Bukoba na Songea, wote walijazana hapo jioni wakitafuta pa kukaa. Bendi yetu ilizaliwa na msongamano huo. Sisemi ilizaliwa na mapenzi ya sanaa. Wengi wetu tulikuwa tunatafuta hela ya sabuni.

Vyombo havikuwa vyetu. Mwenye baa tuliyopigia alivinunua vikiwa vimechoka, kutoka kwa bendi ya Dar iliyokuwa inavunjika: amplifaya, magitaa, tumba na saksofoni iliyofungwa mpira wa baiskeli mahali fulani pasipopaswa kufungwa. Nyuzi zikikatika na dukani hakuna, tuliweka waya wa breki. Umeme haukuwepo, jenereta ilikunywa dizeli ya madereva, nao wakaingia ukumbini bure. Lakini hata bendi kubwa ziliishi hivyohivyo, kwa vyombo vya wenyewe. NUTA Jazz ilianzishwa na chama cha wafanyakazi mwaka 1964. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya usafirishaji na teksi, kisha mwaka 1983 ikaenda DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Akiondoka, gitaa linabaki.

Solo alipiga Mkongo mmoja tuliyemwita Fundi. Alikuja na lile wimbi lililotuletea bendi za Maquis na Makassy, akapita bendi kadhaa za Dar, halafu siku moja akateremka Kibiti kutoka juu ya magunia ya lori. Kwa nini, hakusema, nasi hatukumchimba. Ridhimu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mhaya, Mlutheri, gitaa alilijulia kwenye kwaya. Dramu alikaa Mmakonde mkata boriti. Tumba alishika Mndengereko wa ukoo wa wapiga ngoma, ambaye mjomba wake alikasirika kusikia mikono ile inafanya kazi baa. Mimi nilipiga besi, mtoto wa Delta, Mnyagatwa, na niliipata nafasi hiyo kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka.

Mazoezi ya mwanzo yalikuwa ugomvi mtupu. Fundi alitaka sebene, sehemu ya kuchezesha watu, ianze mapema, gitaa lisipumue. Mwalimu alitaka sauti zipangwe kama za kanisani, nne, kila mtu na yake. Mtu wa tumba, ukimwachia dakika mbili, alishaingia kwenye mdundiko na Mmakonde yuko nyuma yake, nao wawili wakasahau kabisa kuwa kuna wimbo.

Kilichotusuluhisha ni Redio Tanzania. Tulikuwa tukisikiliza Mlimani Park: Muhiddin Maalim Gurumo wa Kisarawe, Hassan Bitchuka wa Kigoma, Cosmas Chidumule ambaye baadaye alihamia nyimbo za injili, na Michael Enoch aliyeingia Dar es Salaam Jazz tangu mwaka 1960. Mtu wa huku, mtu wa kule, Muislamu na Mkristo, na mtindo wao wakauita Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Mtu wa tumba akaruka: “Si mnasikia? Ngoma ya nyumbani hiyo, wametia magitaa tu.” Fundi akacheka. “Kaka, hata rumba yenyewe ni ya nyumbani. Ilikwenda Kuba na watumwa, ikarudi kwenye santuri.” Alikuwa sahihi. Santuri za Kuba za namba za GV ziliuzwa Afrika tangu miaka ya 1930, na Kongo hata pwani yetu watu walijifunza dansi kwazo. Wamarekani nao ni vivyo hivyo: banjo wanayojivunia mashambani kwao ilitokana na vyombo vya watumwa wa Afrika, ikakutana na fidla ya Ulaya.

Basi tukagawana. Mwanzo wa wimbo, pale pa hadithi, tulimwachia Mwalimu na sauti zake. Ikifika chemko, pale wimbo unapochangamka, Fundi anapunguza maneno ya gitaa, tumba inatawala, saksofoni inakata juu. Nasema bila aibu: chemko yetu ilikuwa nzuri.

Baada ya mavuno ya mpunga tulikwenda Delta. Tulipanda mashua Nyamisati kwa maji ya bamvua, amplifaya imeviringishwa turubai na Mwalimu ameikumbatia njia nzima. Wazee walitupa masharti: pombe mbali na msikiti, na tunyamaze kabla ya adhana ya alfajiri. Tukapiga kwenye uwanja uliofagiwa. Katikati ya chemko bibi mmoja, kungwi, akaja mpaka kwenye tumba akasimama. Tukaacha.

“Mwanangu, hicho kipigo umepewa na nani?”

“Shikamoo bibi. Nimekisikia kwa mama.”

“Marahaba. Mwendo wote huo mzuri, pigeni. Hicho kimoja ni cha ndani, kitoeni.”

Fundi alianza kubisha, kwamba muziki hauna mlango. Mmakonde akamshika bega. Kwao nako ya unyago hayapigwi hadharani. Tulikitoa, hatukukirudia hata Kibiti. Nadhani bendi yetu ilikuwa bendi kweli usiku ule, kuliko siku yoyote tuliyoshangiliwa.

Ilivyokufa hakuna la ajabu. Mwaka 1985 Orchestra Safari Sound iliwapokonya hata Mlimani Park Gurumo na Bitchuka, seuze sisi. Fundi aliondoka na lori la Lindi, Mwalimu akahamishwa, mwenye baa akauza vyombo na kuleta disko la kaseti. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa likafunguliwa, malori yakaacha kulala. Kivuko sikililii. Mwaka 2017, mauaji ya Kibiti yalipotutesa, hata pikipiki zilipigwa marufuku usiku, na nani angefikiria dansi?

Hatukuwahi kurekodi Redio Tanzania. Ila dereva mmoja alizoea kuweka radiokaseti yake mbele ya jukwaa na kutunasa usiku mzima. Kama kaseti hizo ziko kwenye sanduku la mzee wako, Ikwiriri, Nangurukuru au Lindi, usizichezeshe kwenye mashine mbovu, mkanda wa zamani hukatika. Mpelekee mtu anayejua azihamishie kwenye kompyuta, halafu uulize Kibiti. Wapiga vyombo wawili tungali hai.