Tanga la Kaka Yangu na Hesabu ya Maji ya Mama



Nashona nguo za maharusi. Bi harusi akija kupimwa, swali langu la kwanza si la rangi wala kitambaa. Namuuliza, "Harusi mwezi ngapi?" Wengi hunijibu Agosti au Disemba. Mimi nakusudia mwezi wa Kiislamu: mwezi mosi, mwezi nane, mwezi kumi na tano? Kwetu visiwani mwezi ndio unaoendesha bahari, na bahari huingia katika harusi zetu kuliko tunavyodhani. Kuna wageni wa kuja kwa mashua, kuna kitoweo cha kusubiri wavuvi, na siku hizi kuna picha za ufukweni.

Elimu hii sikuipata kwenye kozi ya ushoni. Maji nilifundishwa na mama, mkulima wa mwani. Upepo nimeujua kwa kaka yangu, nahodha wa ngalawa za resi. Leo nataka nikuhadithieni namna elimu hizo mbili zilivyokutana, na mimi nikiwa katikati na sindano yangu.

Nianze na mama. Kilimo cha mwani kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, huko Paje na Jambiani, na wanawake ndio walioubeba mzigo wake. Mkulima wa mwani hafanyi kazi kwa saa ya ukutani. Anashuka pwani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana mpaka vigingi na kamba zinaonekana. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Kwetu Zanzibar, siku za bamvua maji hukupwa kiasi cha saa nne asubuhi na hujaa kiasi cha saa kumi alasiri. Kila siku inayofuata huchelewa kama dakika 50. Ikifika mwezi saba au nane, na tena mwezi ishirini na mbili, huwa maji mafu: hayajai sana wala hayakupwi sana, na saa zake zimegeuka, asubuhi ndiyo yanajaa na alasiri yanakupwa.

Kwa hiyo sikukuu zetu zina bahari yake. Idi Ndogo ni mwezi mosi, basi daima huangukia kwenye bamvua. Idi Kubwa ni mwezi kumi, basi hutukuta maji mafu ndiyo kwanza yanamalizika. Subhanallah, kalenda tunayofungia ndiyo hiyo hiyo inayomwambia mama lini ashuke pwani.

Upepo nao una misimu yake. Kaskazi huvuma kuanzia kama Disemba mpaka Februari au Machi. Kusi hushika kuanzia kama Aprili mpaka Septemba, na katikati ya mwaka ndipo huwa na nguvu zaidi. Baina ya hizo pepo mbili kuna maleleji, upepo usiokuwa na msimamo. Wasafiri wa majahazi ya zamani walikuja kwetu kutoka Arabuni na Bara Hindi kwa kaskazi, wakarudi kwa kusi.

Mwaka 2016 Idi Ndogo iliangukia mwanzoni mwa Julai, kusi limeshika barabara. Kijijini kwetu kulipangwa resi ya ngalawa Idi pili, baada ya sala ya Adhuhuri. Kaka alikuwa ameshaposa. Mahari alikuwa ametoa nusu, na nikaha ilipangwa Mfungo Tatu. Fungu lake la zawadi ndilo alilolitegemea. Tanga la ngalawa aliyoiendesha lilikuwa limechoka, lina viraka juu ya viraka, na mwenye chombo hakuwa na pesa ya jipya. Mimi nilikuwa nimeweka akiba ya kununua mashine ya ovaloki. Nikaitoa, nikanunua marekani, nikakaa chini nikashona.

Maneno yalisemwa. Nahodha mmoja mtu mzima alinipitia barazani akacheka, "Bibie, hilo ni tanga au shela la bi harusi?" Nikamjibu kwa adabu kwamba kitambaa ni kitambaa tu. Na ndivyo kilivyo. Fundi yeyote anajua kwamba nguo ikikatwa mshazari huvutika. Sasa tanga likivutika pale linapofungwa kwenye foromali, huharibika umbo na chombo hakishiki njia. Kwa hiyo nililaza ukingo wa kitambaa upande wa foromali. Tena tanga linahitaji tumbo, kama vile gauni linavyohitaji nafasi kifuani, na tumbo hilo hutokana na kubana mishono kidogo kidogo. Upepo mdogo unataka tumbo kubwa. Kusi la Julai linataka tanga lililolala zaidi, la sivyo chombo kinalalia upande mmoja na kinakwenda kwa tabu. Nikalishona la kusi.

Usiku wa kuamkia resi kaka alikuja kwa mama. Njia ya resi ilikuwa kuelekea kusini mpaka kwenye boya, kisha kurudi. Maana yake kwenda ni kwa kubisha, mshazari huku na huku, kwa sababu hakuna chombo cha tanga kinachokwenda moja kwa moja usoni mwa upepo. Alitaka kupita katikati, kwenye maji ya kina, ambako upepo hauna kizuizi.

Mama akamuuliza, "Mnaondoka saa ngapi?"

"Saa nane, mama."

Mama akahesabu kwa vidole. Maji yatakuwa yamekupwa kiasi cha saa tano asubuhi. Saa nane yatakuwa yameingia saa ya nne ya kujaa. Hapa nawaomba dada zangu mshike hesabu hii, maana inafaa hata kwa anayevuka na mtoto mkononi. Maji hujaa kwa muda wa saa sita, lakini hayajai sawasawa. Ukigawa mafungu 12, saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua yetu hufika kama mita 4 baina ya kupwa na kujaa, kwa hiyo katika saa ya tatu na ya nne maji hupanda kama mita nzima kila saa. Huo ndio wakati mkondo unakimbia sana.

"Baba," mama akamwambia, "mlango wa mwamba uko kusini. Maji yanaingia pale na yanakuja huku kwetu. Saa nane katikati kutakuwa mto. Wewe pita juu ya mashamba yetu ya mwani. Nimesimama pale miaka na miaka, maji ya pale ni mazito kuondoka. Ukiwa na shaka tazama chini. Mwani ukilala, mkondo una nguvu. Mwani ukisimama, pita."

Kaka alinyamaza. Kupita karibu na pwani ni kugeuza tanga mara nyingi zaidi, na kila ukigeuza unapoteza mwendo. Ilikuwa ni pesa ya mahari anayoiweka juu ya neno la mama.

Siku ya pili sisi wanawake tulikaa chini ya mikoko na mikadi na watoto wetu, moyo wangu juu. Ngalawa karibu zote zilikwenda katikati. Kwa mbali zilionekana zinakimbia, tanga zimejaa, lakini ukizipima kwa mnazi wa ng'ambo huoni zikisogea mbele. Kaka alikuwa huku kwenye maji haba, anageuza na kugeuza, mabaharia wake wanalimwagia tanga maji ya bahari ili nyuzi zizibane na upepo usipenye. Mbele yake kulikuwa na ngalawa moja tu iliyoshika njia ile ile, ya yule nahodha aliyenicheka. Naye kumbe alilelewa na mama wa pwani.

Kwenye boya walizunguka wa kwanza na wa pili, na wakarudi vivyo hivyo, wamepita katikati safari hii, mkondo na upepo vyote vikiwasukuma. Kaka akawa wa pili. Zawadi iligawanywa, fungu la chombo na fungu la mabaharia. Lililombakia halikutosha kumaliza mahari, alilijazia kwa uvuvi. Alhamdulillah nikaha ilisomwa Mfungo Tatu kama ilivyopangwa. Yule nahodha akaja tena barazani, safari hii na kipimo cha foromali yake mkononi. Ovaloki niliipata kwa matanga, si kwa magauni.

Basi maharusi wangu, chukueni haya. Unataka picha za alasiri na bahari imejaa mpaka miguuni? Chagua karibu na mwezi mosi au kumi na tano. Unataka mchanga wa kutembea alasiri? Chagua mwezi saba au nane, au ishirini na mbili. Wageni wako wanavuka kwa mashua wakati wa kusi? Wasipite mlangoni maji yakiwa yanatoka. Maji yakitoka na upepo unaingia, vinagombana, na mawimbi yake ni ya kuogopwa. Wasubiri yageuke, hata kama biriani litapoa.

Na kabla hujamuuliza mtu mwengine yeyote, muulize mama yako. Huenda anajua kitu ambacho hajawahi kuulizwa.

Wabillahi tawfiq.