Nipe Mji: Usiku wa Michezo Gatwekera

Anayeteremka kutoka mtaa wa Olympic kuelekea Gatwekera wakati wa alasiri hakosi kuwaona wanaume wakicheza. Wawili wameketi juu ya benchi mbele ya kibanda, ubao wa drafti uko baina yao, vifuniko vya soda vinasukumwa huku na huku, na watazamaji saba au wanane wamewazunguka wakitoa ushauri ambao hapana aliyeuomba. Ni baraza kamili, mithili ya zile za Lamu na Unguja ambako bao la mashimo 32 na kete 64 huwakusanya wazee baada ya sala ya alasiri. Pita hapo mara mia, ni nadra kumkuta mwanamke kwenye benchi hilo. Atapita na ndoo, atapita na kikapu, atapita na mtoto mgongoni. Mtu mwenye haraka ya kuandika aweza kukata kauli kwamba wanawake wa Gatwekera hawachezi. La hasha! Wanacheza, ila mchezo wao hauna baraza. Una mlango, na mlango huo hutiwa komeo kabla ya saa mbili za usiku, wala haufunguliwi hadi kupambazuke.

Nyumba inayosimuliwa hapa ina mlango wa namna hiyo. Ni chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, kuta za udongo, paa la mabati, pazia likikigawa: upande huu kitanda, upande wa pili vitu vingine vyote. Mwenyeji ni mama wa watoto wawili ambaye hujipatia riziki kwa kufua nguo katika majumba ya Kilimani. Wageni wake ni watatu. Wa kwanza ni mshonaji mwenye cherehani yake karibu na Soko la Toi. Wa pili ni muuza omena, ambaye meza yake iko kando ya reli. Wa tatu ni mwalimu wa chekechea aliyekuwa jirani yao wa mlango kwa mlango kabla ya kuhamia Kawangware. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi huvuka Barabara ya Ngong akarejea kwa wenziwe na mkoba wenye karata, leso ya kulalia na mswaki.

Mswaki huo una historia yake. Zamani marafiki hawa walikutana saa tisa na kuachana saa kumi na mbili, mchezo ukikatizwa pale hasa ulipoanza kunoga. Kisha, tarehe 27 Machi 2020, kafyu ya serikali ya ugonjwa wa korona ilianza kutekelezwa, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe hiyo iliangukia Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Walicheza, wakajisahau, na walipotanabahi saa moja ilikuwa imepita na hapana aliyethubutu kuchungulia nje. Wakalala wanne, wawili kitandani na wawili juu ya mkeka, na ndipo walipogundua kwamba katika miaka yote ya urafiki wao hawakuwa wamewahi kuongea baada ya saa tatu za usiku. Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Wao hawakuiondoa.

Si kwa upenzi wa amri za serikali. Usiku wa mwanamke katika mtaa huu si giza tu. Mwaka wa 2010 shirika la Amnesty International lilichapisha ripoti juu ya wanawake wa mitaa ya mabanda ya Nairobi, nayo ilieleza kinaganaga hatari inayomkabili mwanamke anayelazimika kwenda chooni usiku ikiwa choo kiko mbali na nyumba yake. Wanawake hawa wanne hawakuisoma ripoti hiyo, na hawakuihitaji. Choo cha ploti yao kiko nyuma ya safu tatu za nyumba, kwenye kichochoro ambacho mtaro wa maji machafu hukikata katikati. Kanuni ya kwanza ya usiku wa michezo, iliyowekwa hata kabla ya kanuni za karata, ni kwamba mmoja akibanwa, wote wanne huvaa ndala na kutoka.

Karata ndiyo iliyokuwa mchezo mkuu. Waswahili wa pwani huzigawa karata katika kopa, uru, shupaza na pau, nao wana michezo yao ya kale; ule wa Nairobi huitwa kadi, na watoto wa mtaani huujua kabla ya kujua kusoma. Kila mchezaji hupewa karata nne. Lengo ni kuzimaliza. Mbili humwokotesha anayefuata karata mbili, tatu humwokotesha tatu, nane huuliza swali ambalo sharti lijibiwe. Lakini utamu wote uko kwenye sharti la mwisho: anayekaribia kumaliza hana budi kuwatangazia wenziwe, mapema, kwa sauti, kwamba «niko kadi». Asiyesema, hata akiitupa karata yake ya mwisho kwa madaha, hakushinda. Huokota nyingine na kuendelea. Kwa maneno mengine, mchezo humruhusu mtu kuwatoka wenziwe, ila haumruhusu kuwatoka kimyakimya.

Ijumaa hiyo ya mwisho wa Oktoba, muuza omena alisahau kusema mara mbili. Lilikuwa jambo la ajabu, kwa kuwa kwa kawaida yeye ndiye aliyesema «niko kadi» hadi majirani wakagonga ukuta. Mshonaji alimcheka. Mwenyeji alimwongeza chai na chapati, akidhani ni uchovu. Kabla ya karata ulikuwa umepita mchango wa chama chao kidogo: kila mmoja hutoa shilingi 3,000, na mmoja huzichukua zote kwa zamu. Septemba ilikuwa zamu ya muuza omena. Oktoba ilikuwa ya mshonaji. Novemba ingekuwa ya mwalimu, na Desemba ya mwenyeji, ambaye alikwisha kupanga kila shilingi kwa ajili ya sare na sanduku la mwanawe wa kwanza aliyekuwa akienda sekondari. Muuza omena alikuwa ametoa zake usiku huo bila kuzihesabu, akaziweka juu ya meza na kusema tu, «Hizo hapo, dada.»

Saa nne na robo stima ikakatika.

Tochi za simu zilikuwa za choo, si za mchezo, na mshumaa haukuwapo. Karata haichezwi gizani. Basi mwalimu akajinyoosha juu ya mkeka na kuita kwa sauti ya darasani, «Kitendawili!» Na wengine wakaitikia, «Tega!» Jamii nyingi zilikataza vitendawili mchana, kila jamii na tishio lake, na huenda ni kweli kwamba utanzu huu ulizaliwa na ukosefu wa taa. Vile vya shuleni vilikwisha upesi. Nani asiyejua ile nyumba isiyo na mlango? Wakaanza kutunga vyao.

«Kwenda kwake mchana ni mmoja, usiku ni wanne.»

«Choo!» wakajibu kwa pamoja, na kicheko kikawa kirefu kuliko kilivyostahili.

Vitabu vya fasihi simulizi hulipitia juujuu suala la mji. Hutwambia kwamba hadhira ikishindwa kutegua, mtegaji huomba mji, hupewa, husema alichokifanya huko, kisha hutoa jibu. Wanafunzi huandika hayo katika mitihani, wakapata alama yao, yakaisha. Mji huchukuliwa kuwa pambo. Ni haki kutilia shaka mtazamo huo, maana mji ndio malipo yenyewe: aliyeshindwa hutoa kitu chenye thamani, na thamani hiyo huipima yeye. Katika chumba hiki malipo yalikuwa ya ukarimu mno. Mombasa ilitolewa mara tatu, Kisumu mara mbili, Paris mara moja. Gatwekera haikutolewa na mtu. Ardhi ya Kibera ina mjadala mrefu. Mwaka wa 2017 Wanubi, ambao babu zao waliletwa hapo kama askari wa mkoloni, walikabidhiwa hatimiliki ya ekari 288. Wanawake hawa wanne hawamo katika hati yoyote. Hulipa kodi ya chumba mwezi baada ya mwezi, kwa mtu ambaye naye hawajapata kuona cheti chake. Atoaye Paris hapa hatoi chake, lakini pia hana hata ukuta anaouegemea, hivyo hasara si kubwa.

Zamu ikamfikia mwenyeji.

«Akija hupishwa na soko zima, akiondoka soko hurudi mahali pake.»

Kimya. Jibu lilikuwa gari la moshi, na wawili walilijua papo hapo, ila walinyamaza kwa makusudi wakimwachia muuza omena. Yeye ndiye aliyeinua meza yake mara kadhaa kwa siku, honi inapolia, na kuirejesha behewa la mwisho likipita. Hapana mtu Gatwekera nzima aliyestahili kukitegua kuliko yeye.

«Nimeshindwa,» akasema.

«Wewe? Haya, nipe mji.»

«Chukua Riyadh.»

Mwenyeji akaupokea kwa mbwembwe. Alikwenda Riyadh, akasema, akapokewa kwa tende na kahawa. Akakaa juu ya zulia hadi likamzamisha. Akanunua dhahabu ya kujaza ndoo. Kisha akakumbuka kwamba kuna muuza omena mmoja huko Kenya, mwenye deni lake la chapati tatu, akatamani...

«Mwambie asimsahau,» sauti ikasema gizani. «Tikiti yake ni ya Jumanne.»

Ilichukua muda kwao kuelewa kwamba huo haukuwa mchezo tena. Mkataba wa miaka miwili, kazi za nyumbani, wakala amekwisha kuleta viza. Watoto wake watatu wangepelekwa Siaya kwa nyanya yao. Fedha za zamu yake ya Septemba ndizo zilizolipia pasipoti na vipimo vya hospitali.

Mshonaji alikuwa wa kwanza kunena. «Mbona hukusema niko kadi?»

Hakujibiwa.

Hofu yao ilikuwa na msingi. Mwaka wa 2014 serikali ya Kenya ilisitisha safari za wafanyakazi wa nyumbani kwenda Mashariki ya Kati kwa sababu ya mateso yaliyoripotiwa, na safari hizo ziliporuhusiwa tena mwaka wa 2017 habari mbaya hazikukoma. Kila mmoja pale alimjua mtu aliyerudi vizuri na mtu aliyerudi vibaya. Lakini hofu haikuwa ya kwanza kusemwa. Kilichosemwa kwanza, na aliyekisema aliona haya hata kabla hajamaliza, kilikuwa swali la mwalimu: «Na zamu yangu?»

Shilingi 3,000 za Novemba na 3,000 za Desemba. Elfu sita si fedha za kuvunjia urafiki, atasema mtu aliyeketi mbali. Mwenyeji hakuwa mbali. Yeye ambaye miaka yote alikuwa mpatanishi wa wenziwe alisema maneno makali: kwamba mwenzao aliketi kwenye mkeka huu mwezi uliopita, akazipokea fedha zao, akawashukuru, hali akijua kwamba anaondoka.

«Ningewaambia, mngenikataza,» akajibu. «Nami ningewasikiza. Ningekaa.»

«Ungekaa!»

«Na watoto wangekula nini, mama? Omena zinazobaki?»

Mwalimu alilia. Mshonaji, ambaye bado alikuwa na shilingi 12,000 katika kifua cha gauni lake, hakusema neno, kwa kuwa katika mabishano ya aina hii aliyekwisha kupata huwa hana ulimi. Wakalala hivyo, wakipeana migongo. Na migongo minne katika futi kumi kwa kumi haina budi kugusana.

Yapata saa nane muuza omena alibanwa. Alitafuta ndala zake polepole, akajaribu kuliondoa komeo bila kulisikilizisha. Mwenyeji akaketi. Mshonaji akaketi. Mwalimu akawasha tochi. Hapana aliyesema kitu. Wakatoka wote wanne, mmoja nyuma ya mwingine, wakauruka mtaro mahali pa kuurukia, wakasimama mbele ya mlango wa bati huku wakiyatazama mapaa ya jirani, wakamsubiri, wakarudi. Komeo likarudishwa mahali pake.

Huenda ni ubaridi wa nje uliofungua mdomo wa mshonaji. Alisema kuna meza. Meza ile kando ya reli ilikuwa na wateja wa miaka sita, na mahali pale hapakaliwi na mtu bila kununuliwa. Mwenyeji hafui Jumamosi wala Jumapili. Auze omena siku hizo mbili hadi elfu sita zitimie, tatu zake na tatu za mwalimu, na mtaji uendelee kuzunguka mpaka mwenyewe arudi. Muuza omena alikubali kabla sentensi haijaisha. Mwenyeji alisema atafikiri. Mwalimu alisema yeye alihitaji fedha mwezi wa Novemba, si samaki wa Krismasi, na hilo halikupatiwa jibu. Alfajiri alifunga karata zake, akakunja leso, akawahi matatu za mapema. Aliaga, ila kwa mkono tu.

Mwenyeji hakusema kwamba amekwisha kufikiri. Alivaa sweta na kumfuata mwenziwe hadi relini. Huko akafundishwa jinsi ya kujaza gorogoro kwa namna ambayo kilele husimama bila kushikiliwa, jinsi ya kuzitambua omena zilizolowa mvua Kisumu hata zikiwa zimekaushwa tena, na wateja gani hukopeshwa. Majina yalikuwa mengi. Mwenyeji aliyarudia kwa kuhesabu vidole, akakosea, akayarudia. Walikuwa wamefika kwa yule mzee anayelipa kila tarehe tano wakati honi iliposikika upande wa mjini, nao wakaishika meza, huyu mwanzo na huyu mwisho, wakaiinua.