Mwaka wa Vita vya Ng'ombe

Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kuwalipa wazee waliotimiza miaka 70 shilingi 20,000 kila mwezi. Wakati huo nilikuwa Dar es Salaam nikihangaika kutafuta mada ya tasnifu ya sera ya jamii, na habari ile niliipokea kama mtu aliyeokota noti njiani. Miezi michache baadaye nikapanda boti kurudi kwetu Unguja, mkoba umejaa madodoso.

Darasani ubishi wetu ulikuwa mmoja tu: serikali iwape wote, au iwachague maskini? Tulisoma ripoti ya Beveridge ya 1942. Tukamsoma Titmuss wa London School of Economics, aliyeonya kwamba huduma ya maskini peke yao huishia kuwa huduma hafifu. Kisha tukaja kwa TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii wa Tanzania, ambako mkutano wa kijiji hutaja kaya maskini, halafu dodoso likauliza habari za paa, sakafu, choo na mifugo, na kanuni ya hesabu ikasaidia kuamua nani abaki kwenye orodha. Pensheni ya Zanzibar haikuuliza hata moja katika hayo. Uwe na gari, usiwe na kandambili, mzee ni mzee. Niliipenda kwa wepesi wake. Katika pendekezo langu la utafiti niliandika, kwa majivuno ya ujana, kwamba umri ni kigezo kisicho na ubishi. Sentensi ile naionea haya mpaka leo.

Siku ya malipo nilifika kwenye skuli moja Kusini Unguja. Wazee walikuwa wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu, bakora zimeegemezwa ukutani. Jina, kitambulisho, fedha; mambo yalikwenda haraka kuliko nilivyotarajia. Nje, chini ya mwembe, alikaa mvuvi mmoja mzee ambaye jina lake halikuitwa. Kitambulisho chake kilisema amezaliwa 1950.

"Mwanangu, andika," akaniambia. "Mie nilitiwa kumbini mwaka wa Vita vya Ng'ombe. Kidonda bado kibichi, tunasikia mjini watu wamepigwa risasi."

Vita vya Ng'ombe vilikuwa 1951. Wakulima wa Kiembe Samaki walikataa ng'ombe wao wachanjwe kimeta, wakakamatwa, watu wakakusanyika kwenda kuwatoa, na polisi wa kikoloni wakafyatua risasi. Basi huyu, kwa kitambulisho chake, alitahiriwa akiwa na mwaka mmoja! Tukahesabu pamoja, yeye kwa vidole, mimi kwa kalamu. Kumbini aliingia na miaka sita, pengine saba. Alikuwa amekwisha kupita 70.

Dodoso langu, kwenye mwaka wa kuzaliwa, lilikuwa na visanduku vinne vya tarakimu. Niliandika pembeni: "Vita vya Ng'ombe." Niliporudi Dar es Salaam, programu ya takwimu haikuwa na pa kuyaweka maneno hayo, na katika jedwali langu la kwanza mzee yule hakuwemo. Nami nilikuwa nimemwacha nje.

Lakini siku ile bado nilikuwa chini ya mwembe. Nilimwuliza kama nyumbani kwake yuko mwingine anayestahili. Akacheka mpaka akakohoa. Mkewe alikuwemo ndani, kwenye foleni. Alipomwoa, alisema, yeye alikuwa keshazoea ngalawa, na binti ndiyo kwanza amemaliza chuo cha Kurani. Kitambulisho cha mke kilisema 1945.

Vitabu vyetu vilitufundisha makosa mawili ya sera: kumwacha anayestahili na kumwingiza asiyestahili. Tuliyachora katika safu mbili, kila moja na asilimia yake. Haikunijia kwamba yangeweza kulala kwenye kitanda kimoja.

Bibi akatoka, noti mbili za elfu kumi kazifunga kwenye pindo la kanga. Mumewe akasimama, akavua kofia, akainama kidogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," akajibu bila kugeuka. "Twende dukani, sukari imekwisha."